Kwenda Kutazama na Kurudi

Élisabeth hakupenda kukaa mahali asipouona mlango. Dukani, kliniki, hata kanisani, kwanza alitazama watu wanatokea wapi, ndipo akatafuta kiti. Wenzake wa saluni walikwisha kumzoea. Walimwachia nafasi ya mwisho, inayotazama barabarani, na pale aliweza kusuka kichwa kizima huku akijua nani amepita nje, amepita na nani, na amebeba nini. Barabara yenyewe, ya jiji la Durban, kwenye vibao inaitwa Mahatma Gandhi, kwenye midomo ya watu inaitwa Point, na kwa majina yote mawili wapitao ni wa kuangaliwa.

Uangalifu huo ndio uliomfikisha binti yake Tina kwenye ngoma za Kihindi. Mtoto alipoanza shule, palikuwa na saa kadhaa za mchana zisizokuwa na mwenyewe: shule imekwisha, saluni haijafungwa, na baba yake, Désiré, yuko Pinetown, mji wa jirani, amevaa kizibao cha kung'aa analinda magari ya watu kwenye maegesho. Élisabeth alizunguka mitaa ya jirani hadi akakuta ukumbi wenye geti la chuma. Geti lilifungwa kwa ndani na mama mmoja wa Kihindi, mnene, mwenye sauti kubwa, ambaye hakutaka kuona mvulana yeyote karibu. Élisabeth alimwandikisha Tina siku ileile. Hakuuliza wanafundisha nini. Kwa kuwa watoto walitoka wakitokwa jasho, aliamini ni mazoezi ya viungo.

Alipokuja kuelewa kwamba ni ngoma ya mahekalu, Tina alikuwa tayari anakunja vidole kwa namna ambayo kwao Uvira, Kongo, haijawahi kuonekana, na geti lilikuwa bado linafungwa vizuri. Élisabeth alilipima jambo hilo kwa wiki nzima. Mwishowe akaamua kwamba geti ni lake na mengine ni ya Mungu.

Miaka ikaenda hivyo, hadi jioni moja Désiré alipoingia nyumbani bila hata kuvua kizibao.

"Mama Tina! Mtoto anaenda Inde, India kwenyewe!"

"Kufanya nini?"

"Kucheza. Mwalimu anapeleka darasa lote, mahali panaitwa Thanjavur. Watacheza siku moja, zingine watatembelea."

"Watatembelea nani?"

"Hapana mtu. Watatembelea tu. Watatazama vitu."

"Halafu?"

"Halafu watarudi."

Élisabeth aliendelea kukoroga sombe, kisamvu cha kwao. Désiré alikuwa ameshawaambia wenye magari wote wa Pinetown, na wawili walimpa mkono. Tina alisimama mlangoni, kimya, kwa sababu alimjua mama yake, na ukimsukuma mama yake anakaa chini kabisa.

Élisabeth alikuwa amesafiri kuliko watu wengi. Alitoka Uvira, akavuka ziwa, akakaa kambini Tanzania, akapita Zambia ndani ya lori la mahindi, akaingia Afrika Kusini amembeba mtoto mgongoni. Alipita karibu na maporomoko makubwa ya Zambezi bila kuyaona. Mtu mmoja ndani ya lori alisema yako upande ule, lakini wote walikuwa wanaangalia upande wa polisi. Katika safari zote hizo hakuna aliyekwenda kutazama kitu, na hakuna aliyerudi.

Wiki iliyofuata mwalimu mwenyewe, Anti Vasantha, yule mama wa geti, alikuja saluni kuomba ruhusa. Alikalishwa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, akawa anajiona anavyohojiwa. Élisabeth hakuacha kazi. Alikuwa anamsuka Ninahazwe, mama wa Kirundi anayeuza viatu, na kichwa chake kilikuwa kimefika nusu, kwa hiyo Ninahazwe hakuwa na pa kwenda, akasikiliza yote.

"Iko nini huko?" Élisabeth aliuliza.

"Kuna Hekalu Kubwa," alisema Anti Vasantha. "Dunia nzima wanakuja kuliona. Mfalme alilijenga kwa mawe matupu, miaka elfu moja iliyopita. Juu kabisa ya mnara kuna jiwe, wanasema lina uzito wa tani themanini."

"Limefungwa na nini?"

"Halijafungwa. Limekaa tu."

"Miaka elfu."

"Elfu."

Élisabeth alichana fungu jingine la nywele. "Basi iko karibu kuanguka."

Ninahazwe alicheka. "Mama Tina, unamhoji kama polisi wa mpaka!"

"Polisi wa mpaka hawaulizi vizuri. Endelea, Anti."

"Mbele ya hekalu kuna ng'ombe dume wa jiwe, mkubwa kama teksi."

"Watoto watamwinamia?"

"Watapiga naye picha."

Élisabeth alifikiri juu ya ng'ombe huyo, akampitisha. Likaja jumba la wafalme, lenye vitabu vilivyoandikwa juu ya majani ya mtende, na mnara wenye mifupa ya nyangumi ndani.

"Bahari iko karibu na hilo jumba?"

"Hapana, iko mbali. Nyangumi alitolewa pwani, akaletwa."

"Hapa Durban nyangumi wanapita kila mwaka. Wazima."

"Najua, my dear, lakini..."

"Endelea."

Kulikuwa na bwawa la Kallanai, ukuta wa kuzuia mto uliojengwa karibu miaka elfu mbili iliyopita na bado unafanya kazi. Élisabeth aliuliza maji yana kina gani, nani atamshika nani mkono, na kwa nini kila kitu cha huko kimezeeka. Kulikuwa na wanasesere wa udongo wanaotikisa kichwa wenyewe ukiwagusa. Hao hawakumpendeza, lakini hakuona jinsi wanavyoweza kumdhuru mtu.

Anti Vasantha aliona mambo yanakwenda, akatoa alichokuwa amekiweka akiba kwa ajili ya mama Mkristo. "Na karibu na hapo, Poondi, kuna kanisa! Kubwa sana, la Bikira Maria. Watu wa dini zote wanakwenda kumwomba."

Chanuo likasimama. "Iko sanamu?"

"Ndiyo, nzuri sana, wanaivalisha..."

"Hapo hapana."

Hivyo ng'ombe wa jiwe alipita na Maria hakupita. Ninahazwe, ambaye ni Mkatoliki, alisema anavutwa kichwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Anti Vasantha aliharakisha kutaja kanisa jingine, dogo, la zamani, la mmisionari mmoja, ndani ya bustani, jeupe, halina kitu ndani ila mabenchi na ukumbusho wa mawe.

"Hilo liko sawa," alisema Élisabeth. "Waende hapo mara mbili." Kisha akauliza swali alilokuwa amelishika tangu mwanzo. "Wewe mwenyewe umefika huko mara ngapi?"

Anti Vasantha alijitazama kwenye kioo. "Sijafika. Bibi wa bibi yangu alitoka wilaya hiyo. Alikuja hapa kwa meli kukata miwa. Mkataba wa miaka mitano."

"Akarudi lini?"

"Hakurudi."

"Eish," alisema Ninahazwe.

"Hakuna mtu wa kwetu aliyerudi," Anti Vasantha aliendelea, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Mimi nitakuwa wa kwanza. Nami naogopa, silali. Tafadhali usiwaambie wasichana."

Kuanzia hapo Élisabeth alimheshimu zaidi, lakini imani yake kwake ikapungua. Alisema atajibu baadaye. Nyumbani hakusema hapana, kwa sababu Tina angelia na Désiré angeitisha mkutano. Aliona kuna njia safi zaidi. Karatasi ya kusafiria ya mkimbizi Tina alikuwa nayo, ilikwisha kutoka. Kilichobaki ni visa. Isipotoka, hakuna wa kulaumiwa.

Kanisa lao liko juu ya duka la matairi, na lina kundi la waombaji linaloongozwa na Mama Benedicta. Utaratibu ni mmoja: unampigia Mama Benedicta, unasema haja yako, naye anaipeleka mbele za Mungu na kundi lake bila kumwambia mtu mwingine yeyote, hata mume wako, hata pasta. Siri hiyo ndiyo iliyolipa kundi jina zuri.

"Omba visa ya Tina isitoke," Élisabeth alisema. "Mungu afunge mlango."

"Isitoke," Mama Benedicta alirudia.

"Isitoke kabisa."

"Sawa, mama. Tutaomba."

Kilichomfanya Mama Benedicta alirudie neno hilo ni kwamba asubuhi ileile Désiré alikuwa amempigia kutoka maegeshoni, akaomba mlango ufunguliwe. Kumwambia mke haja ya mume kulikatazwa. Kuikataa haja ya mwamini kulikatazwa pia. Mama Benedicta, ambaye alikuwa mtu wa kazi, aligawa wiki: Jumatatu kundi lilifunga na kuomba visa itoke, Alhamisi kundi lilelile lilifunga na kuomba isitoke. Waombaji walifanya zote mbili kwa machozi. Hakuna aliyeuliza swali.

Visa ikatoka.

Kanisani hapo mtu aliyeombewa akapata lazima atoe ushuhuda, na hatoi peke yake, anasimama na jamaa yake yote. Mikrofoni inaanza kwa baba, inakwenda kwa watoto, inaishia kwa mama. Kwa hiyo Jumapili Élisabeth alijikuta mbele ya watu, katikati ya Désiré na Tina, amevaa kitenge chake kizuri. Désiré alishukuru kwa kirefu. Alitaja Pinetown. Tina alisema, "Asante Yesu, asanteni wote," akashusha macho. Mikrofoni ikafika kwa Élisabeth.

Angeweza kusema asante Yesu na kuirudisha. Katika safu ya kwanza Mama Benedicta alikuwa anaitazama feni ya dari kama mtu anayesubiri ianguke. Lakini ushuhuda ni mbele za Mungu, na Mungu alikuwa amemsikia Élisabeth kila Alhamisi.

"Mimi niliomba isitoke," alisema.

"Amina!" kanisa likajibu kwa mazoea.

"Sikilizeni. Niliomba Mungu afunge mlango."

"Ami..." Sauti zikakatika moja moja. Mpiga kinanda aliondoa kidole. Désiré aligeuka kumtazama mke wake.

"Nilisema mtoto asiende," Élisabeth aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mnijue vizuri, sina ubaya na Inde. Lakini safari ninayoijua mimi ni ya kukimbia. Unatoka, hurudi. Ninyi wote mnaijua hiyo. Sasa wananiambia mtoto atoke nyumbani, aende kutazama ukuta, atazame ng'ombe wa jiwe, halafu arudi kula chakula chake kilekile. Kama iko mtu humu amewahi kwenda mbali kutazama kitu tu, halafu akarudi kwake, asimame. Nimwone."

Watu walitazamana. Walikuwa watu wa Uvira, wa Bukavu, wa Fizi, wa Bujumbura. Pasta aliinuka nusu.

"Mimi nilifika Lubumbashi..."

"Hiyo ilikuwa semina, pasta."

Pasta akakaa. Nyuma kabisa alisimama Papy, anayetengeneza simu karibu na soko.

"Mimi nilienda kwenye milima ya Drakensberg, mama. Na watu wa kazini."

"Uliona nini?"

"Milima."

"Ulifanya nini huko?"

"Tuliitazama. Tukala kuku. Tukarudi."

"Hakuna aliyekufukuza?"

"Hapana, mama. Dereva tu alisema saa imefika."

Watu walicheka, na Papy akakaa akiwa na aibu. Élisabeth hakucheka. Aliendelea kuwatazama, safu kwa safu, akangoja, na hakuna mwingine aliyesimama. Ukumbi mzima, wazee kwa vijana, na mtu mmoja ndiye aliyewahi kutazama mlima kwa hiari yake. Tina, kando yake, hakuwa analia wala kumvuta nguo. Alikuwa naye anawatazama wale waliokaa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayewaonea huruma. Hilo Élisabeth hakulitarajia, na hakulipenda. Hakutaka mtoto wake awe mtu wa kukaa tu katika safu zile.

"Basi wako wawili," alisema kwenye mikrofoni. "Papy, na Tina. Aende. Na akirudi asimame hapa hapa, atuambie alichoona, kimoja kimoja. Amina."

"Amina," kanisa likasema, safari hii polepole, likiwa limesikiliza.

Kwenye ngazi Désiré alimshika kiwiko. "Umeomba kinyume changu, Mama Tina?"

"Sijaomba juu yako. Nimeomba juu ya visa."

"Jumatatu tulifungua, Alhamisi tulifunga," alisema Mama Benedicta akiwapita, amekunja kitambaa chake cha kichwa kwapani. "Waombaji wamekonda. Siku nyingine kaeni kwanza, muongee nyumbani."

Tina alisafiri Jumanne. Uwanja wa ndege ulikuwa na milango mingi sana, na Élisabeth aliridhika nayo kiasi. Anti Vasantha alikuwa na mabegi manne na hakujua aanzie wapi. Tina ndiye aliyemwonyesha foleni.

Walipokwisha kuwapungia mkono, ilikuwa bado asubuhi. Saluni alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima, Désiré naye hakwenda kazini, na wote wawili hawakujua mtu hufanya nini na siku kama hiyo. Teksi iliwashusha Point. Désiré alisema kule mwisho wa barabara iko gati la mawe, watu huenda kutazama meli zinavyoingia bandarini. Miaka yote hiyo wamekaa mwendo wa dakika chache kutoka hapo.

Wakaenda. Élisabeth alisimama mbali na ukingo, mkoba ameukumbatia kifuani. Meli nyekundu yenye makontena iliingia polepole, ikavutwa na meli ndogo mbili, ikapita mbele yao, ikapotea nyuma ya winchi za bandari.

"Umeona?" Désiré aliuliza.

"Nimeona."

"Na sasa?"

"Ngoja," alisema Élisabeth. "Iko nyingine inakuja."