Aliyeangushwa na Farasi Asihame

Msinicheke. Sisi farasi hatukumwona. Kibondo ya miaka ya tisini ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, baiskeli na malori ya wakimbizi. Farasi ulimkuta kwenye vitabu vya shule tu, tena kadogo, pembeni mwa ukurasa. Lakini kila Jumapili baada ya misa, barazani kwa mama yangu, tulipigana vita juu ya farasi mpaka majirani wakawa wanachungulia.

Mchezo aliuleta yeye. Alikuwa kijana Mrundi kutoka kambi ya Nduta, analima vibarua kijijini kwetu Kitahana. Alipokimbia kwao alikimbia na kitabu kimoja cha Kifaransa, kisicho na jalada, alichopewa na mwalimu wake. Kilikuwa na kanuni za mchezo wa kukaa mezani: kila mtu anajitungia shujaa wake, anasema kwa mdomo anachofanya, halafu bahati inaamua kama amefaulu. Kitabu kilitaka dadu za pande ishirini. Tutazitoa wapi sisi? Tuliandika namba kwenye maharage, tukayatia kwenye kopo la kakao. Unatikisa, unachomoa moja bila kutazama.

Tulicheza watatu: yeye, mimi, na kaka yangu, fundi baiskeli. Yeye ndiye aliyesoma kanuni na kutufasiria. Sura niliyoipenda mimi ni ya mapigano ya wapanda farasi. Aliye juu ya farasi anampiga wa chini kwa urahisi, kwa hiyo anaongezewa alama. Akija mbio na mkuki, pigo lake linahesabiwa mara mbili. Farasi akiuawa, mpandaji anachomoa harage: likiwa na namba kubwa ameruka salama, likiwa na ndogo amelaliwa na mnyama. Kaka, ambaye shujaa wake alikuwa wa kutembea kwa miguu, alipenda kujibanza nyuma ya nguzo ya baraza na kusema, "Aliye juu mngoje chini." Na kweli nilishuka mara nyingi tu.

Kwa kuwa farasi hatukumjua, tukamfuga kama ng'ombe. Jioni ya mchezo tunamwashia moshi wa kufukuza nzi, tunamlambisha chumvi. Na yule kijana, ambaye baba yake alikuwa na zizi, akasema mnyama haendi vitani bila kusifiwa. Kwao ng'ombe husifiwa kwa sauti, mikono imeinuliwa juu kama pembe. Ikawa kanuni: asiyemsifu farasi wake hapati alama za mbio. Kaka na mimi tulisifu kwa kucheka. Yeye alisifu kwa Kirundi, macho amefumba, mpaka mama akaacha kupembua maharage akaja kusikiliza. Mimi ni Muha, Kirundi kinaniingia bila mkalimani. Hapo ndipo nilipompenda, niliseme tu.

Siku moja farasi wangu aliuawa, nikabaki chini katikati ya maadui. Yeye alikuwa karibu, juu ya farasi wake. Nikamwambia, rudi unipakie. Akafungua kitabu: farasi akibeba wawili anakwenda nusu mwendo, na mkuki hautumiki, tutakufa wote.

Yewe! Niliwaka moto. "Baiskeli ya kaka inabeba baba, mama, mtoto na mkungu wa ndizi, inapanda mlima, wewe unaniletea habari za nusu mwendo? Mwenzako kaanguka unamwacha?" Nikalifunika kopo kwa khanga yangu. Hakuna mtu kuchomoa harage hapa mpaka kanuni ibadilike: mwenzako akianguka, unarudi kumpakia, liwalo na liwe.

"Shemeji, kubali yaishe," kaka akasema. Alikuwa akimwita shemeji kabla hata ya posa.

Kijana akanitazama. "Ego," akasema, ndiyo. "Lakini na mimi nina langu. Aliyeanguka asihame. Abaki palepale, maana mwenzake atamtafuta pale alipomwacha."

Tukakubaliana, nikatoa khanga kwenye kopo.

Aliniambia mvua zikiisha ataleta wazee wake wa kambini wazungumze na mama. Nikaanza kudarizi mashuka. Kaka akanitania kwamba nitazaa watoto wanaosifu baiskeli.

Mvua hazijaisha, akafika kambini mtu wa kijijini kwao. Akaleta habari: mama yake kijana, ambaye mwanawe alidhani amekufa, kumbe yu hai, amejificha parokiani, miguu imevimba hawezi kutembea. Kijana alikuja kwetu siku ya kazi, jembe bado mkononi.

"Mama ameanguka," akasema.

Nililia, nikamtukana. Nikamwambia ule ni mchezo, maharage yale, kule ni risasi! Hakubishana. "Ulisema liwalo na liwe," akanijibu, kwa upole kabisa. Kanuni ilikuwa yangu, na mama ni mama.

Kaka akampa baiskeli yake nzuri, akaikaza keria kwa vyuma. Mimi nikashona mto wa kuweka juu ya keria, ili mama mkwe asiumie njiani, sindano ikinichoma kwa sababu sikuona vizuri. Asubuhi ile, mbele ya nyumba, akainua mikono akaisifu baiskeli kama ng'ombe wa baba yake. Katikati akacheka. "Nikirudi nusu mwendo, msinicheke," akasema, akashika njia ya Mabamba kuelekea mpakani.

Wiki haijaisha, mama yake akaletwa Nduta. Majirani zake walimbeba kwenye machela ya miti, wakapita njia nyingine porini. Niliposikia nilidandia lori la kuni nikaenda. Nikamkuta mama mwembamba, miguu imefungwa vitambaa. Nilipojitambulisha aliniuliza neno moja tu: mwanangu yuko wapi?

Nikamwambia amekufuata. Akaweka mikono kichwani.

Nani angemlaumu mama wa watu kwa kuhama? Risasi zilifika parokiani, watu wakamnyanyua. Lakini mimi nilimjua kijana wangu. Angefika, asimkute, na asingegeuza baiskeli. Angetafuta kila kichaka.

Hakurudi. Tulimchukua mama yake tukaishi naye, na kila kengele ya baiskeli ikilia barabarani alikuwa akigeuza shingo, mpaka siku tuliyomzika. Moyo wangu ulivunjika mara ya pili siku hiyo, kwa sababu nilibaki kugeuza shingo peke yangu.

Sasa kaka yuko Kasulu, ana duka la spea. Kila akija ananigombeza. "Dada, miaka yote hii! Bati limetoboka, mchwa wamemaliza mlango. Njoo Kasulu, chumba kipo." Wachumba nao walikuja, wala hawakuwa wabaya. Majirani wananiambia subira yavuta heri. Na waivute wao.

Mwaka huu kaka alikuja na gari kabisa, la kubeba vitu vyangu. Akaingia ndani, akaliona kopo la kakao juu ya kabati. Akatoka, akamwambia dereva arudi tu.

Mama yake kijana alihama, wakapishana. Mimi niko palepale aliponiacha.