Wiki ya Nne Hatukusonga

Mvua iliposomba daraja la miti kati ya kitongoji chetu na shule, mapacha wangu walikuwa wameanza darasa la tano wiki chache tu. Hapa kwetu Nyarubungo tuna shule shikizi, madarasa mawili ya matofali ya kuchoma, na inaishia darasa la nne. Kuanzia la tano mtoto anavuka mto kwenda shule mama. Mwaka ule mto haukuvukika. Mwenyekiti wa kitongoji alisema tusubiri maji yapungue ndipo daraja lijengwe, na kila mtu alielewa kwamba hiyo ni habari ya miezi. Watoto wengine wa rika lao walipewa fimbo wakaenda kuchunga. Mimi nikasema wangu watasoma nyumbani.

Nilisema hivyo mbele za watu, kisha nikarudi ndani nikiwa na wasiwasi. Nimezaliwa upande wa Ngara, Murusagamba, kwa wakulima wa migomba na maharage. Baba yangu alijinyima mengi ili nimalize kidato cha nne, nami nilimaliza, lakini katika cheti changu Hisabati ina herufi F. Kiswahili nilikiweza, Historia niliiweza. Hesabu zilinishinda tangu shule ya msingi. Mume wangu ni Msukuma, alihamia Biharamulo na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, na shule aliiacha akiwa darasa la pili. Kwa hiyo kama kulikuwa na mwalimu katika kaya yetu, alikuwa mimi.

Mapacha wenyewe ni wasichana, wakati ule walikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliyetangulia kuzaliwa tunamwita mkubwa, aliyefuata tunamwita mdogo, ingawa walipishana kwa dakika chache tu. Mkubwa ni mwepesi wa kila kitu: kusema, kukimbia, kujibu. Mdogo hutazama kwanza.

Nilimpigia simu mwalimu wao wa hisabati, dada mmoja aliyekuwa na mwaka wa pili tu kazini. Alifurahi. Baada ya siku mbili alinitumia mzigo kwa bodaboda iliyozunguka kwa barabara ya lami: kitabu cha darasa la tano, madaftari mawili, na nakala ya azimio la kazi. Azimio lilikuwa karatasi yenye mistari, wiki ya kwanza mada hii, wiki ya pili mada ile, mpaka mwisho wa muhula. Nililibandika ukutani kwa ugali wa moto. Nikanunua kalamu nyekundu.

Ubao wetu ulikuwa mlango wa bati wa stoo, na chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Asubuhi, baada ya kukamua na kufagia, tulikaa pale mpaka jua lifike mlangoni. Mbuzi walikuja mchana kulamba hesabu. Wiki ya kwanza ilikwenda, nikaweka alama ya vema kwenye azimio. Ya pili nayo, nikaweka vema. Wiki ya tatu tuliingia kwenye sehemu, nusu na theluthi na robo, kitu kilichoniogopesha mimi kuliko wao. Usiku nilikuwa nimesoma mifano ya kitabu mpaka nikaikariri. Asubuhi niliwaandikia maswali kumi, na madaftari yote mawili yalirudi na majibu sahihi. Nilijiona mwalimu hasa. Jumapili nilimwambia jirani yangu kwamba wanangu wanakwenda sawa na watoto wachache waliopelekwa kukaa kwa ndugu zao ng'ambo ya mto, labda hata wanawazidi.

Jumatatu ya wiki ya nne mkubwa aliamka na homa. Baba yake akampeleka zahanati, ikawa malaria, akarudishwa na dawa akalala. Nikasema kusoma kusisimame. Nikamweka mdogo peke yake mbele ya mlango wa bati, na ili tuanze kwa wepesi nikamwandikia 96 gawanya kwa 4.

Alichukua muhogo, akachora alama ya kugawanya vizuri kabisa, akasimama. Nilienda kuangalia uji wa mgonjwa, nikarudi, bado amesimama. Nikamwambia hii ni hesabu ya watoto. Nikapandisha sauti kidogo, na hapo akageuka.

"Mama, mimi sijui."

"Hujui hii?"

"Sijui zote. Huwa naangalia mkono wa mwenzangu."

Niliketi kwenye kinu. Nikamuuliza alipotelea wapi, na alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Alisema ni darasa la tatu, walipoanza kugawanya. Alikuwa bado anafikiri, mwalimu wa wakati ule akasema mada imekwisha, wakaenda mbele. Tangu hapo amekuwa akikaa karibu na dada yake.

Sikumkasirikia, kwa sababu nilikuwa namfahamu mtoto huyo. Darasa la sita mimi nilikaa nyuma ya msichana mmoja hodari, nikanakili kutoka begani kwake mwaka mzima, mpaka siku mwalimu alipotubadilisha viti. Kilichoniuma ni zile alama zangu nyekundu ukutani. Nilikuwa nimeweka vema kwa wiki tatu ambazo mwanangu hakuwepo.

Mtandao kwetu unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Nilipanda pale nikampigia mwalimu, nikamweleza. Alisikiliza kwa upole. Akasema mtihani wa muhula utatoka katika azimio lote, na nikirudi nyuma mpaka darasa la tatu nitakula wiki ambazo hatutazipata tena. Akasema uamuzi ni wangu.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye aliona njia iliyo rahisi: anayeweza aendelee, asiyeweza asaidie ndama. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyofanya na mifugo yake, aliye dhaifu hubaki nyumbani na wenzake huenda malishoni, na wengi hupona. Mimi si mwanamke wa kubishana na mume, lakini siku ile nilimwambia, "Baba, hawa walikaa tumbo moja. Hawatatenganishwa na kugawanya." Aliendelea kusuka kamba yake. Nikachukua hiyo kuwa ruhusa.

Wiki ya nne hatukusonga. Niliweka maharage kwenye ungo nikamwambia mdogo ayagawe katika mafungu manne, kwa mkono, bila kuandika. Kisha sita, kisha saba, na yanayobaki ayaweke pembeni. Tulikaa kwenye tebo za kuzidisha, ya pili mpaka ya tano, kwa siku saba nzima. Nilijizuia kumharakisha, na kujizuia kulikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha. Alikuwa na namna ya kuinua macho juu kabla ya kujibu, na nilikuwa nimeizoea kuwa dalili ya kutojua. Nikajifunza kuhesabu kimya mpaka ishirini. Mara nyingi jibu lilikuja nikiwa kumi na tano.

Mkubwa alipopona akaanza kulalamika kwamba anachelewa kwa ajili ya mtu mwingine. Nikaona ana haki. Nikampa yeye mada za mbele, na alizimeza upesi upesi mpaka nikaishiwa na nilizokuwa nimeziandaa. Basi nikamgeuzia kwenye maswali ya maneno, yale marefu ambayo yeye huyaruka. Moja lilisema mkulima ana shamba la ekari kumi na mbili, amelima robo tatu, je, ni ekari ngapi hazijalimwa? Kabla sijakaa vizuri alikuwa ameandika tisa.

Mdogo alikuwa ungoni kwake na maharage. Akanyoosha shingo, akasoma mlangoni, midomo ikicheza. Akasoma tena.

"Wameuliza ambazo hazijalimwa," alisema.

Mkubwa alitazama swali, akatazama tisa yake, akaifuta kwa kiganja. Akaandika tatu. Tangu siku ile alianza kusoma swali mpaka mwisho. Nami nilitambua kwamba nilikuwa na wanafunzi wawili wenye shida mbili. Mmoja alihitaji kurudishwa nyuma, mwingine alihitaji kitu kigumu cha kumsimamisha, na azimio lililokuwa ukutani halikuwajua wote wawili.

Wiki ya saba ya masomo yetu ndipo mdogo alipofika kwenye sehemu. Nilimpa nusu jumlisha theluthi. Akaandika mbili ya tano, yaani alijumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Kitabu kilisema ni kosa, na kikatoa kanuni ya kutafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Kanuni nilikuwa nimeikariri. Lakini kama angeniuliza kwa nini, nisingeweza kumjibu.

Nilichukua kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, nikakata vipande virefu, kila kimoja sentimita thelathini kamili kwa rula. Nikamwambia akunje kimoja nusu, kingine theluthi, aviweke pamoja tuone. Alipima: kumi na tano, na kumi, jumla ishirini na tano. Kisha kwa hiari yake akapima mbili ya tano ya kipande kingine, na ilikuwa kumi na mbili. Alikaa akivitazama muda mrefu. Nilihesabu mpaka ishirini, nikapita.

"Mama, nilianza na kumi na tano. Nimeongeza, halafu imepungua?"

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na ndiyo mara ya kwanza mimi mwenyewe niliona ni kwa nini. Tulikunja vipande vyote viwili katika sita. Nusu ikawa tatu, theluthi ikawa mbili, na vyote sasa vilikuwa na ukubwa mmoja, unaweza kuvihesabu kama maharage. Tano ya sita. Mkubwa aliyekuwa akipata jibu hilo tangu wiki ya tatu alikuja naye akakunja, akasema hakujua kuwa ndiyo maana yake.

Daraja lilirudi wakati muhula unakaribia kwisha. Mapacha walivuka wakaenda kufanya mtihani pamoja na wenzao. Shule ilikuwa imefika mwisho wa azimio, mkubwa alikuwa amepungukiwa kidogo, na mdogo alikuwa katikati yake tu. Sikulala vizuri wiki ile.

Baada ya siku chache mwalimu akaniita shuleni. Mume wangu alinipeleka kwa pikipiki, na njia nzima nilijiandaa kujitetea. Mwalimu alinipokea mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, Mama Mapacha."

"Marahaba, mwalimu."

Aliweka karatasi mbili mezani. Mkubwa alikuwa amejibu maswali yote ishirini na tano, akapata kumi na tisa. Mdogo alikuwa amejibu kumi na manne na kuacha mengine wazi, bila hata kubahatisha. Yale kumi na manne yote yalikuwa sahihi. Mwalimu alisema hajapata kuona karatasi ya namna hiyo, na alitaka kujua kama mtoto anaelewa au amekariri. Akatuma aitwe. Akampa chaki, akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, akamwambia aeleze kana kwamba yeye mwalimu hajui.

Mdogo aliinua macho juu. Mwalimu akataka kumsaidia, nikamgusa mkono asubiri.

"Asili zake ni tofauti," mdogo alisema mwishowe, akionyesha namba za chini, zile ambazo kitabu huziita asili. "Huyu katoka kwenye mbili, huyu katoka kwenye tatu. Kama baba Shinyanga na mama Ngara. Ukitaka kuwahesabu pamoja, kwanza uwatafutie nyumba moja. Hapa nyumba yao ni sita."

Akaandika tano ya sita, akaweka chaki chini. Mume wangu aliyekuwa amesimama dirishani akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua zianze.

Mwalimu alimrudisha darasani, kisha akaniambia kitu ambacho hakulazimika kuniambia. Alisema wengi waliokuwa darasani muhula mzima wameandika mbili ya tano katika swali lile lile. Akaniomba kama ningeweza kuwakusanya watoto wa kitongoji chetu Jumamosi, wale waliokuwa wakichunga, niwarudishe pale walipoachia.

Mume wangu alitangulia mbele yangu katika kueneza habari. Niliambiwa kwamba mnadani, kati ya wafugaji wenzake, alisimulia habari ya nyumba ya sita na kuwafanya watu wazima wakunje karatasi. Wiki hiyo hiyo alikata miti ya milingoti akatengeneza mabenchi mawili, bila kuombwa na mtu, akayapanga mbele ya stoo.

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja. Mkubwa alishika maswali ya maneno, mdogo akashika ungo wa maharage, nami nilipita kwa kila mmoja nikimuuliza swali moja tu, alipotelea wapi. Karibu wote walijua mahali penyewe.

Sasa mapacha wako darasa la saba. Mdogo bado ndiye wa mwisho kuweka kalamu chini, na mwalimu wake siku hizi humwachia dakika zake. Mabenchi yamekuwa manne. Nikipita sokoni, watoto ambao sikuwazaa hunisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, nikiwaeleza kwamba mimi si mwalimu, ni mkulima tu na mama wa watoto wawili. Niliacha. Sasa naitikia marahaba, na ninawauliza wamefika mada gani.