Siku Nilipomsaidia Jenifa Kumwaga Maji ya Turubai

Jambo hili nimelikwepa tangu masika, lakini kwa kuwa hapa Babati kila mtu ana simu na kila simu ina ile video, bora mlisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa watu wa kule Bonga, ambao wameshatia chumvi mpaka eti nilipigwa. Sikupigwa. Nilistahili, ila sikupigwa.

Mimi natengeneza batiki nyumbani kwangu Bagara, mwaka wa tisa huu, na nilikuwa peke yangu mtaani mpaka alipohamia Jenifa kutoka Mwanza, binti mdogo tu, mcheshi, ana salamu kwa kila mtu, na batiki zake (inaniuma kusema) ni nzuri. Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza, wivu ule wa kuuliza bei ya kitu cha mtu ili ukakiseme vibaya ukifika nyumbani. Sasa kwaya yetu ilikuwa inatafuta batiki za sare mpya, waimbaji thelathini na wawili, nami ni sauti ya pili humo humo, basi kila baada ya mazoezi nikawa napenyeza neno: "Za Jenifa zinachuja, jamani. Siku ya mvua mtatoka kanisani mmekuwa kijani."

Tamasha la sanaa likaja, siku tatu uwanjani, na mvua nayo ikaja kama imealikwa. Tukapangwa jirani, mimi na Jenifa. Mimi nina nailoni ile ya kufunikia mahindi na miti minne niliyokata kwa shemeji, miguuni ndala, kichwani mfuko wa mbolea niliokunja pembe. Yeye ana turubai zito lenye nguzo za chuma, koti la mvua la njano, na mabuti yenye maua. Maua, kwenye mabuti. Kila nikiyatazama naona ameyavaa kwa ajili yangu. Na afadhali angekuwa anaringa, kumbe hata hilo hana, aliniona nahangaika na upepo akasema, "Mama Deo, njoo ufunge kamba yako kwenye nguzo yangu, hiyo miti haitafika mchana." Nikafunga. Asante sikusema, nilisema "haya."

Niwaibie siri moja ya kazi. Batiki ukishaitia rangi unaisuuza mpaka maji yatoke meupe, hata mara tano. Wiki ile jua halikuonekana, vitambaa havikauki, tamasha limefika, nikasuuza mara moja tu nikaanika jikoni juu ya mafiga, nikajiambia nani atajua.

Siku ya pili, saa nane mchana, mvua imekolea, namwona Mama Mchungaji, ndiye mlezi wa kwaya yetu, anakuja mbio mbio na suti yake ya rangi ya maziwa, pochi juu ya kichwa. Nikasimama, nikatabasamu, nikapangusa kiti. Akanipita akaingia kwa Jenifa. Namwona anashika kitambaa, anakigeuza, anakiinua kwenye mwanga, wanacheka wawili, nami najiambia sare ndiyo hiyo inakwenda.

Juu yao turubai lilikuwa limebeba maji, limefanya tumbo. Kila mwenye turubai anajua dawa yake, unachukua mti unasukuma kutoka chini, maji yanamwagikia nje. Nikawaza, nikisukuma kutoka upande wangu maji yatashukia vile vitambaa vyake vilivyoning'inia mbele, rangi itachuja Mama Mchungaji akiona, na lile neno langu litakuwa kweli. Nikachukua mti wa kukorogea rangi, nikasema kwa sauti ya upole, "Jenifa, ngoja nikusaidie maji haya."

"Asante, Mama Deo. Mungu akubariki." (Hapo ningeacha. Sikuacha.)

Nikasukuma, tumbo halikusogea. Nikaongeza nguvu, na mara nyuma yangu nasikia, "Bwana asifiwe, Mama Deo." Mama Mchungaji ameshatoka kwa Jenifa, amesimama chini ya nailoni yangu katikati ya batiki zangu. Nikageuka, mti nao ukageuka, nusu ya maji ikaenda kwenye vitambaa vya Jenifa kama nilivyopanga, nusu ikashukia nailoni yangu, nailoni ikachanika, miti ya shemeji ikalala mmoja mmoja, na batiki zangu kumi na mbili zikamfunika Mama Mchungaji pamoja na maji yake.

Tulipomtoa alikuwa wa bluu. Suti bluu, shingo bluu, sikio moja zambarau. Watu wakatoa simu. Na pale pembeni vitambaa vya Jenifa vimelowa chapachapa, vinadondosha maji meupe kabisa.

Nikapiga magoti kwenye tope. "Shikamoo mama," nikasema, sijui kwa nini, ndilo neno lililokuja.

"Marahaba," akajibu huku anapangusa jicho. Kisha akasema taratibu, "Kikao cha kwaya kilishakuchagua wewe, Mama Deo, kwa kuwa ni wa kwetu. Kwa Jenifa niliingia kujikinga mvua tu. Kwako nilikuja kuchagua rangi." Akatazama viganja vyake. "Hii hapana."

Jenifa alivua koti lake la njano akamvisha, akalowa yeye, kisha akarudi kuniokotea vitambaa vyangu kwenye tope bila kuuliza neno. Na mimi, badala ya kuona aibu tu, nikamwonea wivu hata kwa roho yake nzuri.

Sare aliitia rangi Jenifa. Naivaa kila Jumapili, mstari wa pili, na inanipendeza, jambo ambalo pia linaniuma. Nimeapa turubai la mtu sishiki tena, hata likinilalia kichwani. Kuhusu wivu sijaapa, maana kuna viapo vya kumdanganya Mungu. Jumapili iliyopita mama mmoja mgeni alinishika mkono baada ya ibada akauliza, "Kitambaa kizuri hiki. Nasikia humu kwayani mna fundi wa batiki, ndiye wewe?" Wenzangu wote wakanigeukia. "Fundi ni Jenifa," nikasema, "anakaa karibu na kwangu, twende nikupeleke."

Na nilimpeleka kweli, ila nilipita njia ndefu.