Sauti ya Riziki kwenye Vitufe vya Chini

Juzi hapa Lodwar, mwuzaji wa vyombo vya muziki aliniwashia kinanda kipya, akachagua sauti ya kwaya na kubonyeza kitufe kimoja. Kabla ya wimbo kutoka, nilisikia watu wakivuta pumzi. Nawaapia, walivuta pumzi! Mwuzaji akatabasamu kwa fahari, akanieleza kwamba siku hizi kila kitufe kinarekodiwa peke yake: cha chini kinaimbwa na mwanamume wa sauti nzito, cha juu na msichana. Nilikuwa nimetumwa kulinunulia kanisa letu la Nawoitorong kinanda, maana mimi ndiye mpigaji. Nilimwambia nitarudi, nikakimbilia nje juani.

Ninyi mnaonisoma mtaniona mwoga. Basi ngojeni niwaeleze habari za vinanda vya baba.

Tulifika Kakuma kutoka Kongo nikiwa wa kubebwa mgongoni, na baba akawa mpiga kinanda wa kanisa la mabati la mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi. Kinanda chake cha kwanza kilikuwa kichekesho. Tarumbeta ililia kama mbu, ngoma zilitatarika kama vitunguu vikikaangwa, na hiyo iliyoitwa sauti ya kwaya ilikuwa ya mtu anayepuliza chupa tupu. Tuliimba nacho hivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi, maana ilibidi tukisaidie.

Cha pili kilikuwa cha mtumba lakini chenye maajabu: ukikiimbia, kinaishika sauti yako na kuitandaza kwenye vitufe vyote. Baba akamwita Riziki, dada yangu wa miaka kumi na saba, ambaye kwa Kiswahili chetu cha Kongo nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Ndiye aliyeongoza kwaya. Akaimba "aaa" mara moja tu, huku akizuia kicheko. Tangu hapo tukawa na Riziki mmoja amesimama mbele ya waumini na mwingine ndani ya kinanda. Ila ufundi wa siku zile ulikuwa bado mchanga. Ukipanda vitufe, sauti ilienda mbio ikawa ya kitoto. Ukishuka, ilivutika polepole na kuzeeka, na kwenye vile vya mwisho aliimba bibi kizee aliyechoka. Riziki alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe nitakuwa na sauti mubaya hivi!" alisema.

Mvua ziliponyesha, malaria ilimpata, na baada ya siku nne tukamzika.

Kinanda kile kilikumbuka sauti maadamu kina umeme; ukikikatia, kinasahau. Baba akakileta nyumbani kikiwa tayari kimeungwa kwenye betri ya gari iliyochajiwa kwa sola, na kuanzia siku hiyo betri haikufanya kazi nyingine yoyote. Taa hatukuwasha. Simu tulichajisha kwa jirani. Jumapili kinanda na betri vilikwenda kanisani pamoja kwenye mkokoteni, baba akitembea kando ameushikilia waya usichomoke. Siku nyingine alikaa nacho chumbani akibonyeza kitufe kimoja kimoja kuelekea chini, na mama aliacha alichokuwa akifanya, akamsikiliza binti yake akizeeka hadi umri ambao hakuufikia. Hakulia. Alitazama tu mikono yake.

Mama Akiru, Mturkana aliyetuletea makaa nasi tukampa unga, aliisikia sauti hiyo siku moja. Akatua gunia, akatusalimu kwa Kiturkana.

"Ejok! Nyanya gani huyo munafungia ndani ya sanduku? Na hii joto? Fungulieni yeye!"

Alikuwa anatania, leo najua. Mimi nilikuwa na miaka minane, na utani ule haukunifikia. Sikula jioni hiyo. Nilishajua sasa kwamba yaya Riziki yumo mle, joto linamzeesha, na aliyemfungia ni baba.

Kesho yake, saa nane mchana, jua likiwa limenyamazisha hata mbuzi, baba alikuwa kwenye foleni ya mgao na mama amelala mkekani. Nikachomoa waya. Taa ndogo nyekundu ikazimika. Nikasema, "Toka, yaya," nikaufungua mlango wote ili apite, nikahesabu hadi kumi, kisha nikaurudisha waya.

Baba aliporudi akabonyeza kitufe. Ikatoka sauti ya kwaya iliyotiwa kiwandani, ya watu tusiowajua. Akabonyeza cha chini, cha juu, vyote. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile, na sitaki kusikia tena.

"Nani aligusa hii waya?"

Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia. "Ni mimi. Nilikuwa nafagia."

Baba hakumsemesha kwa miezi. Nami nikanyamaza, nikala chakula cha mama, nikamwacha abebe lawama peke yake. Baba amefariki bila kujua. Aibu hiyo sijaizoea mpaka leo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kakuma, nikamweleza mama kila kitu. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuacha.

"Weye ulizani nilikuwa nimelala?" alisema. "Nilikuwa macho. Nilikuona na ile waya mu mukono, nikageukia ukuta."

"Juu ya nini haukunizuia, mama?"

"Mutoto wangu nilimuzika mara moja. Baba yako alikuwa ananifanya nimuzike kila siku. Nilijaribu kuichomoa mwenyewe, mara mingi. Nilishindwa. Weye ukaweza."

Miaka yote nilidhani mama alinibebea kosa langu. Sikujua kwamba alinihitaji nilitende, na kwamba alikuwa akilipa kwa ajili yetu sote wawili.

Kisha akaniuliza, ameinua uso kwa hamu, kama bado naikumbuka sauti ya Riziki, kwa sababu yeye imemtoka. Nikamwambia naikumbuka vizuri. Nilimdanganya. Nikifumba macho anayeniimbia ni yule bibi kizee, na bibi kizee huyo hakuwahi kuwepo.