Tangazo la Mama Akai

Nichekeni tu, nimezoea, maana hadi leo nikipita sokoni Lodwar mtu akiniita "Fungua mama!" mimi natazama chini.

Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye karedio kadogo hapa mjini, na wiki hiyo Nakiru, mtangazaji wetu, alikuwa Kakuma akirekodi kwaya, kwa hivyo matangazo ya saa saba nikaachiwa mimi. Asubuhi akaja msichana aliyefiwa na mamake, Mama Akai, akarekodi tangazo kwa sauti yake: mazishi si Jumamosi tena, ni kesho, na mjomba Lokwawi, kaka wa pekee wa marehemu, apande lori la leo saa tisa kutoka Lowarengak. Mnara wa simu kule ulikuwa umekufa, ni redio tu. Tulirudia mara tatu, nikalikariri lote.

Sasa si ningetulia? Nikaona niweke kwanza programu mpya ya kunogesha sauti (tamaa ya sifa, nilitaka jina langu litoke na mwangwi kama wale wa Nairobi), ikaniuliza, kuna faili la zamani hapa, nibadilishe? Nikabonyeza ndiyo. Kumbe programu yetu kuukuu ya matangazo ilitegemea faili hilohilo, na toleo jipya hailitaki, ikagoma kufunguka. Nikasema basi, niitoe hii mpya mambo yarudi, ikaniuliza tena, hili faili huenda programu zingine zinalitumia, nilifute? Na mimi kidole chepesi, ndiyo! Jipya hakuna, la zamani hakuna.

Saa saba ikafika. Nikawasha maiki, nikasalimu kwa Kiturkana, "Ejok! Ejok noi!", nikaahidi matangazo baada ya dakika mbili, nikairudia kompyuta. "Fungua mama, nakuomba, usiniaibishe, nitafutwa kazi mimi!" Simu inaita, ni Nakiru, nakata. Inaita tena, nakata (nilidhani ananipa presha tu). Nusu saa nzima nabembeleza, natukana, naomba Mungu, mpaka ujumbe wake ukaingia: "Ekai wewe! Maiki iko wazi!" Woi! Nikazima kila kitu nikajifungia chooni.

Jioni nikanakili lile faili kutoka kompyuta ya pili ya ofisi, tangazo likasikika vizuri, lakini lori lilikuwa limeondoka kitambo.

Mzee Lokwawi alifika siku ya tatu, dadake ameshazikwa. Akaja hadi redioni, nikaanza kumweleza habari za mafaili na matoleo, naye akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mpole sana.

"Kijana yangu," akasema, "mimi nilikuwa na redio mkononi. Nilikusikia vizuri, kila neno."

Mdomo nilikuwa nao, na maiki ndiyo hiyo. Nimeapa, faili la zamani siligusi tena kabla ya kulinakili kando, na tangazo la msiba nitalisema mwenyewe hata kompyuta iungue. Lile la Mama Akai bado ninalo kichwani, lote.