Mbuzi wa Mahari Aliyebadilika Rangi

Enzi zetu kule Giakanja, kumkataza mtoto kwenda kwenye maporomoko kulikuwa sawa na kumwonyesha njia. Cucu, nyanya yetu aliyetulea, alisema nyuma ya maji kuna pango, na ndani ya pango kuna zimwi linalopenda watoto wasiosikia. Mimi na kaka yangu Mureithi tulikuwa wa aina hiyo hasa, kwa hivyo tukaona tumealikwa.

Jumamosi moja tulipewa mbuzi dume tukamlishe asubuhi, kisha tumrudishe upesi. Mchana wazee wangempeleka Othaya, kumposea baba mdogo Kariuki. Bila mbuzi huyo hakuna mke, na Kariuki alikuwa amevaa suti tangu alfajiri.

"Mkipoteza hiyo mbuzi," Cucu alituonya, "nitapeana nyinyi wawili."

Tulimfunga kwenye kichaka juu ya korongo, tukateremka kwa makalio huku tukishika mizizi, midomo bado ina ladha ya viazi vitamu vya jana. Tukapenya nyuma ya maji. Pango lilinuka popo na baridi yake iliuma meno. Mara kitu kikakohoa gizani. Mureithi, aliyeapa kunilinda, alipiga kelele "Kimbia!" akiwa tayari nje. Nikabaki na zimwi, nalo likalia, "Meee!"

Mbuzi alikuwa ametafuna kamba na kuingia pangoni kwa njia yake, nzuri kuliko yetu. Sasa akagoma kutoka. Nilivuta pembe, Mureithi akarudi kusukuma nyuma, sote watatu tukatumbukia kwenye kidimbwi. Tulipoibuka, nilishikwa na butwaa. Mbuzi wetu, aliyekuwa mwekundu kwa udongo wa kwetu tangu tumjue, alikuwa mweupe pepepe.

Cucu alitupokea langoni. "Hii mbuzi ni ya nani? Yetu ni ya rangi ya udongo! Ati mmeiba mbuzi ya watu?"

Kariuki aliketi kwenye nyasi na suti yake, karibu alie. Tuliapa kwa kila tulichokijua, lakini nani angetusikiliza? Ndipo mbuzi akamwendea Cucu moja kwa moja, akaanza kutafuna pindo la leso yake, kama alivyofanya kila asubuhi ya Mungu.

Cucu akashusha pumzi. "Ni yeye. Rangi imetoka, tabia imebaki."

Kule Othaya wakwe walimshangilia mbuzi. Hawakuwa wameona ukoo unaoogesha mbuzi kabla ya kuposa! Mke wa Kariuki hujivunia jambo hilo mpaka leo, nasi hatujamwambia kitu.

Juzi nilimpeleka mwanangu kwenye maporomoko yale yale. Alisimama mbali, akayapa maji mgongo, akajipiga picha, akauliza kama kuna network. Nikamwonyesha pango. "Mum, huko kuna matope," akasema. Alirudi nyumbani na viatu vyeupe vilevile alivyotoka navyo. Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Sisi tuliporudi kutoka kule, ilibidi mbuzi atutolee ushahidi. Huyu wangu, Cucu angekuwa hai, angemtambua tangu barabarani, kwani maji yale hayakumbadilisha hata chembe.