Nilivyokodi Sufuria Letu Wenyewe

Mwenyekiti wetu aliniambia masufuria ya kampuni yametoboka. Alinitazama usoni, mimi mtu mzima niliyezika mume na kulea wajukuu, akasema: "Bibi, yalikuwa yanavuja kama paa la zamani. Tumeyauza bei ya chuma chakavu, na tumshukuru aliyeyachukua."

Nilikuwa nimekwenda kwake kudai haki yangu. Sisi wanawake wa mtaa wa Yoba, hapa Gitega, tulianzisha kampuni ya kukodisha vyombo vya harusi kwa pesa za vitenge, maandazi na cherehani. Tulikubaliana kwamba mwenye hisa akiozesha mtoto, anapikia masufuria ya kampuni bila kulipa. Mjukuu wangu alikuwa anaolewa baada ya mfungo, na mimi nilishajisifu mtaa mzima kwamba watu watakula pilau mpaka wasahau njia ya kwao. Sasa ningewapikia kwenye nini? Kwenye birika?

Nikapanda basi kwenda Muyinga kumpelekea dada yangu mwaliko. Nikamkuta anatoka kwenda kwenye akika kwa jirani, akanivuta na mimi. Tukapita uani, kwa wapishi. Juu ya mafiga, nani ananitazama? Sufuria letu! Mkono wake mmoja ulivunjika zamani, fundi wa baiskeli akaufunga kwa kipande cha mnyororo, mimi nimemsimamia pale pale nikimgombeza akaze. Lilikuwa limejaa pilau, moto unawaka chini yake, hata tone halidondoki.

"Hili la nani?" nikauliza.

"La kukodi, mama," mpishi akasema. "Iko mtu hapa sokoni anakodisha. Masufuria, viti, hema, vyote vimetoka Gitega."

Pilau ile sikuigusa. Dada yangu akaninong'oneza, "Kula, watu wanakutazama."

"Wacha watazame. Sufuria letu linanipakulia kama mgeni!"

Asubuhi nikaenda sokoni kwa huyo mkodishaji. Kijana mnene, mcheshi, kanzu nyeupe pee. "Karibu mama! Vyombo hivi havina mfano. Shemeji yangu amenipa karibu bure."

"Shemeji gani?"

"Aliyeoa dada yangu, kule Gitega. Iko mwenyekiti wa kampuni."

Alilisema kwa kujivunia! Mkono uliniwasha, nilitaka kumzaba kofi mbele ya wateja wake. Nikameza mate. Nikasema nataka kukodi sufuria moja, lile la mnyororo. Nikalipa, mimi mwenye hisa, nikalipia kitu chetu wenyewe, likafungwa juu ya basi na kurudi nyumbani.

Nikawaita wenye hisa wote uani kwangu. Mwenyekiti alipoingia alikuta sufuria liko motoni, chai imejaa mpaka ukingoni. Akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Karibu, mwenyekiti," nikamwambia. "Inama basi, tuoneshe panapovuja."

Jirani yangu mshonaji akacheka kwa sauti. "Linavuja mpaka Muyinga!"

"Bon, mama zangu, tuongee kwa utaratibu..."

"Utaratibu gani?" nikamkata. "Mulipomuuzia shemeji yako, mulituita? Vyombo tulivyonunua kwa kuinama kwenye cherehani mpaka migongo inalia, we unavigawa kama zawadi ya ukweni?"

Akasema shemeji alimsaidia tu, vyombo vilikuwa vinakaa bure. Wanawake wakamzomea. Tukamwambia vyote virudi, na kiti cha uenyekiti akiache hapo hapo alipokikalia. Aliondoka bila kunywa chai. Tuliinywa sisi, yote, na chini ya sufuria palikuwa pakavu.

Viti vimerudi. Hema na masufuria mengine bado, tunavifuata. Mjukuu wangu ameolewa, na pilau yake imepikwa ndani ya lile la mnyororo, mara mbili kwa sababu sufuria moja halikutosha watu wote.

Yule kijana wa Muyinga ananipigia simu kila mara: "Mama, kodi inapanda, rudisha sufuria."

Namwambia, mwanangu, kodi yako kamuulize shemeji yako.